MTOTO MCHANGA NAYE ANA KISOMO CHAKE

(Mazungumzo ya Katibu katika darasa la jioni. Yamebandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Juzi darasani iliulizwa: mtoto wa wiki mbili anacheza nini? Wengine mlicheka. Sisi hatukucheka, na sababu tutaisema mwisho.

Mtoto mchanga haoni mbali. Anaona vizuri kiasi cha sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka ziwani mpaka usoni pa mama. Ndiyo kusema uso wako ndio ubao wake wa kwanza. Basi masomo yake ni mawili.

KWANZA, MACHO. Mtoto akiwa ameshiba na yuko macho, mpakate, mwite, mwache akutazame. Sasa peleka kichwa chako kulia polepole, halafu kushoto. Atakufuata, kidogo kidogo. Siku nyingine tumia kipande cha boksi jeupe kilichochorwa mistari minene myeusi. Usikimbize. Akigeuza uso amechoka, mwache.

PILI, SHINGO. Mlaze kifudifudi juu ya khanga mkekani, au kifuani pako ukiwa umeegemea. Anza na dakika 3 mpaka 5, mara 2 au 3 kwa siku, uongeze anavyokua. Weka uso wako mbele yake umwite, ili ainue kichwa. Akilia mnyanyue, mtajaribu tena baadaye.

Lakini jamani, angalieni! Kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho, na mtu mzima yupo hapo hapo. Usingizi ni chali. Ukimbeba, shika kichwa na shingo. Kumtikisa au kumrusha juu ni marufuku, ubongo unaumia.

Kina baba, msiseme hiyo ni kazi ya wanawake. Muda wa kikombe kimoja cha kahawa unatosha.

VIPIMO. Miezi 2: huinua kichwa kidogo akiwa kifudifudi, na hufuata kitu kwa macho. Miezi 4: shingo imekaza. Njiti ahesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Ikiwa miezi 3 hafuati kwa macho, au miezi 4 shingo bado inalegea, au mboni ina weupe siku yoyote ile, mpelekeni zahanati kesho yake asubuhi. Msingoje siku ya kliniki.

Sasa ile sababu yetu. Kitinda mimba wetu hakuwa akitufuata kwa macho. Mboni zake zilikuwa na weupe. Tuliuona, tukasema eti akikua utaondoka. Tulipomfikisha hospitali alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipasuliwa, lakini daktari alitueleza kwamba macho yakikosa kuona mapema, hayajifunzi tena sawasawa. Leo ni kijana, anatambua mwanga na vivuli, basi. Hakuna aliyemroga. Ni sisi tuliochelewa.

Ndugu zetu, sisi tulijifunza kusoma ukubwani na tukaweza. Jicho halina kisomo cha ukubwani.

Aliyesoma hapa amsomee jirani yake asiyesoma.

Katibu