Serahangi, Admirali na Mfalme: Juu ya Kuwafundisha Wahandisi Usimamizi wa Kazi

Mhadhara wa umma uliotolewa Stockholm



Mji wa Stockholm una sifa kubwa katika elimu ya uhandisi, kwani humu ndimo Lars Magnus Ericsson alimofungua karakana yake ya mitambo ya telegrafu mwaka 1876, na humu ndimo kilimo Chuo cha Kifalme cha Ufundi, KTH, kilichoasisiwa mwaka 1827 na ambacho tangu mwaka 1917 kinakaa katika majengo yake ya matofali kando ya barabara ya Valhallavägen; walakini nilipotafakari ni kitu gani cha mji huu kinachostahili kuwekwa mbele ya mwanafunzi wa uhandisi anayeuliza kwa nini alazimishwe kusoma kanuni za usimamizi wa kazi, sikuchagua kitu kilichofaulu, bali nilichagua chombo kilichozama.

Chombo hicho ni merikebu ya vita iitwayo Vasa, iliyomo katika jumba lake la makumbusho hapa Djurgården. Mfalme Gustav II Adolf, aliyekuwa katika vita na Poland, aliagiza iundwe, na mkataba ukaandikwa mwaka 1625 na fundi mkuu Henrik Hybertsson, mtu wa asili ya Uholanzi. Fundi huyo akaugua, akafariki mwaka 1627 kabla ya kazi kwisha, akaiachia msaidizi wake Hein Jakobsson, na shughuli za kiwanda zikashikwa na mjane wa marehemu, Bibi Margareta Nilsdotter. Na muda wote huo Mfalme alikuwa aghalabu ng'ambo vitani, barua zake zikija moja baada ya moja kuhimiza kazi. Merikebu ikapewa sitaha mbili za mizinga, mizinga 64 kwa jumla, na urefu wa mita 69 ukihesabu na dasturi yake, juu ya tumbo jembamba ambalo ngama yake ilibeba farumi ya mawe yapata tani 120, wala haikuwezekana kuongeza farumi hiyo bila ya kuyashusha matundu ya mizinga karibu mno na maji.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Kabla ya safari, chombo kikiwa bado kimefungwa gatini, nahodha Söfring Hansson aliandaa jaribio mbele ya Admirali Klas Fleming, ambalo ndani yake watu 30 waliamriwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja wa sitaha hadi ubavu wa pili, kisha warudi. Na kila walipovuka, chombo kililala zaidi, hata baada ya mara ya tatu Admirali akaamuru waache, kwa kuwa ilikuwa dhahiri kwamba wakiendelea kitapinduka pale pale gatini. Serahangi Göran Matsson alitamka waziwazi kwamba chombo kile ni chembamba chini, naye akajibiwa na Admirali kwamba aliyekiunda amekwisha kuunda vyombo vingine kabla yake, basi asiwe na shaka. Baadaye, siku ya 10 Agosti 1628, mbele ya watu wa mji waliojaa pwani kutazama, Vasa ilitweka matanga, ikaenda mwendo wa mita 1,300 hivi, ikapigwa na upepo usiokuwa mkali, ikalala upande, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama katika kina cha mita 32 pamoja na watu wapatao 30.

Baraza la uchunguzi likakaa. Kila aliyeitwa alitoa hoja yake, na hoja nyingi zilikuwa za kweli: fundi alifuata vipimo vilivyoidhinishwa, nahodha alikiendesha chombo alichokabidhiwa, na aliyeviidhinisha vipimo alikuwa Mfalme mwenyewe, ambaye hapana mtu angeweza kumtia hatiani; na alipoulizwa Arendt de Groote, mshirika wa marehemu katika mkataba, kosa ni la nani, jawabu lake lilikuwa kwamba ajuaye ni Mungu. Hakuadhibiwa mtu.

Anders Franzén aliigundua merikebu hiyo chini ya bahari mwaka 1956, ikainuliwa juu ya maji tarehe 24 Aprili 1961, na miongoni mwa vitu vilivyotoka ndani yake ni vipimo vinne vya maseremala. Viwili vilikuwa vya futi ya Uswidi iliyogawanywa kwa inchi 12, na viwili vya futi ya Amsterdam iliyogawanywa kwa inchi 11. Wataalamu walipoipima merikebu yenyewe ubao kwa ubao wakaona kwamba ubavu mmoja ni mzito kuliko mwenziwe. Basi tazameni jambo hili lilivyo: wamo mafundi hodari wa mataifa mawili katika kiwanda kimoja, kila mmoja akifanya kazi yake kwa uaminifu na kwa kipimo alichokizoea, wala hapana hata mtu mmoja ambaye wadhifa wake ni kuviweka vipimo vile pamoja na kuuliza ni futi ipi itumike.

Najua kwamba mwanafunzi hodari wa hisabati atanijibu kwamba Vasa ilizama kwa upungufu wa nadharia, kwa sababu kanuni ya kupima utulivu wa chombo majini haikuwekwa bayana hadi Mfaransa Pierre Bouguer alipochapisha kitabu chake mwaka 1746, na kwamba sisi leo tunazipiga hesabu hizo kwa kompyuta. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila haitoshi. Watu 30 waliokimbia sitahani walikwisha kuipata ile habari ambayo Bouguer aliihesabu zaidi ya miaka mia moja baadaye: chombo hakina utulivu. Serahangi alijua, nahodha alijua, Admirali aliona kwa macho yake. Kilichokosekana ni njia ya kuichukua habari ile kutoka kwa aliyeijua na kuifikisha kwa mwenye mamlaka ya kusema safari isimame, na pia ruhusa ya kuinena bila ya kuhofu. Njia hiyo na ruhusa hiyo, kwa itikadi yangu, ndiyo sehemu ya elimu ya usimamizi ambayo mhandisi hana budi kufundishwa kabla ya nyingine zote.

Wala si elimu ya kuazima kwa wafanyabiashara, kama wengi wanavyodhani. Waliotangulia kuiandika katika karne ya 20 walikuwa wahandisi: Frederick Taylor wa Marekani, aliyechapisha kanuni zake mwaka 1911, alikuwa mhandisi wa mitambo, na Henri Fayol wa Ufaransa, aliyechapisha zake mwaka 1916 baada ya kuongoza kampuni kubwa ya migodi na chuma kwa muda wa miaka mingi, alikuwa mhandisi wa migodi. Taylor mimi sipendi awe mlango wa kuingilia, kwa maana mwanafunzi anayeanza naye hujifunza kumpima mfanyakazi kwa saa kabla hajajifunza kumsikiliza. Fayol ndiye ninayempendelea. Yeye alilalamika waziwazi kwamba vyuo vya uhandisi vya nchi yake viliwashibisha vijana hisabati kupita kiasi na kuwanyima kabisa mafundisho ya usimamizi, ilhali usimamizi ndio utakaokuwa kazi yao kila wanapopanda cheo. Na katika kanuni zake 14 kuna ile inayosema kwamba amri na habari zipite katika safu ya vyeo, ambayo papo hapo akaiongezea kivuko: kwamba wawili walio sawa kwa cheo katika idara mbali mbali wazungumze wao kwa wao pale jambo linapotaka haraka, kwa idhini ya wakubwa wao, badala ya habari kupanda hadi kileleni kisha ishuke upande wa pili. Laiti kivuko hicho kingalikuwapo baina ya maseremala wa futi mbili!

Waswidi wenyewe, katika karne iliyopita, walilitia jambo hili katika sheria. Mwaka 1976 Bunge lao lilipitisha sheria inayomlazimisha mwajiri ajadiliane na chama cha wafanyakazi kabla ya kuamua mabadiliko makubwa ya kazi, na mwaka 1977 ikafuata sheria ya mazingira ya kazi, ambayo inampa mjumbe wa usalama, aliyeteuliwa kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, uwezo wa kuisimamisha kazi yenye hatari ya papo hapo na kubwa kwa maisha au afya ya mfanyakazi, ikiwa mwajiri hakuiondoa hatari hiyo, mpaka mamlaka ya ukaguzi itoe uamuzi wake. Mhandisi kijana anayekuja kusimamia ujenzi katika mji huu anamkuta mjumbe huyo yuko kazini, na asipokuwa amefundishwa maana ya cheo chake atamwona kuwa ni kizuizi.

Katika vyuo, jitihada inayofaa kutajwa ni ile iliyoanza karibu na mwaka 2000, wakati KTH, Chalmers na Linköping za hapa Uswidi, pamoja na MIT ya Marekani, kwa msaada wa wakfu wa Knut na Alice Wallenberg, zilipoungana kuupanga upya mtaala wa uhandisi kwa jina la CDIO, yaani mwanafunzi alelewe katika kubuni, kusanifu, kutekeleza na kuendesha, na stadi za kufanya kazi kwa kikundi na za kuwasiliana zifundishwe ndani ya masomo ya uhandisi yenyewe. Vyuo vingi duniani vimeufuata mfano huo. Mimi nauunga mkono kwa sababu moja kubwa: unautoa usimamizi katika kile chumba cha pembeni alikowekwa mhadhiri mgeni wa mwaka wa mwisho, anayekuja na istilahi zake za sokoni wakati akili za vijana zimekwisha kuondoka chuoni.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Nani kati yetu asiyekumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza nchini Tanzania, ikiwa imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa majini wakikaribia kushuka? Siutaji msiba ule ili kufungua majeraha ya jamaa wa marehemu, bali kwa kuwa swali lake ni lile lile la gatini Stockholm: nani alijua, alimwambia nani, na kwa nini chombo kiliondoka.

Na mfano usio na kishindo, ila unaowagusa watu wengi zaidi, ni wa maji ya vijijini. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilikusudia kwamba baada ya miaka 20 kila mwananchi apate maji safi kwa umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake, na Uswidi ikawa miongoni mwa waliosaidia kwa ukarimu. Mabomba yakatandazwa, mashine za dizeli zikafungwa, kisha nyingi zikanyamaza kwa kukosa mafuta na spea na mtu wa kuzitazama. Ndipo ulipoanza mwaka 1985, katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza, mpango wa HESAWA, uliodumu hadi 2002, ambao uliweka kamati ya maji ya kijiji, mfuko wa maji, na fundi wa pampu atokaye kijijini hapo hapo. Sisemi kwamba mpango huo haukuwa na kasoro, lakini uliujua ukweli mmoja ambao wahandisi wa mwanzo hawakufundishwa. Pampu ya mkono hufa kidogo kidogo: washa ya mpira ndani yake inapolika, ndoo iliyokuwa ikijaa kwa mipigo michache inataka mipigo mingi zaidi, na anayelitambua jambo hilo kabla ya mtu yeyote ni mwanamke anayeteka alfajiri. Yeye ndiye serahangi wa kisima kile. Ikiwa amepewa nafasi katika kamati na sauti yake inasikizwa, washa hununuliwa kwa fedha kidogo za mfuko. Ikiwa hakupewa, pampu nzima hufa, na ripoti itaandika kwamba vifaa vilikuwa hafifu.

Basi somo hili lifundishweje? Hesabu za gharama, mikataba na mpango wa muda wa kazi vifundishwe, na hilo halina mjadala. Zaidi ya hayo mimi hupendelea kumpa mwanafunzi, tangu mwaka wa kwanza, kazi ya kuandika barua moja tu: wewe ni Göran Matsson, Mfalme yuko ng'ambo, Admirali amekwisha kukunyamazisha, mwandikie Mfalme kwa ukurasa mmoja uliyoyaona, yanamaanisha nini, na unaomba afanye nini. Vijana wanaozitatua hesabu ngumu kwa dakika chache huihangaikia barua hii kwa muda mrefu, wakiandika ama matusi ama sifa tupu, kwa sababu hawajapata kuzoezwa kumwambia mkubwa jambo zito kwa adabu na bila ya kulipunguza uzito. Barua hiyo isahihishwe na mwalimu wa uhandisi mwenyewe, na alama zake zihesabiwe pamoja na za michoro.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu kilipoanzisha kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, huwapeleka vijana wake viwandani kwa mafunzo ya vitendo, nayo ni neema ambayo vyuo vingi vya Ulaya vingeitamani. Nawaomba walimu wenzangu wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere waitumie neema hiyo: mwanafunzi asirudi na michoro ya mashine peke yake, bali arudi pia na habari ya kosa moja ambalo wafanyakazi wa mahali pale walilijua na wakubwa hawakulijua, na aeleze habari ile ilikwama wapi. Na nyinyi vijana mlio hapa, mtakapokwenda kazini mwaka huu, mtafuteni mpakaji grisi, mlinzi wa bwawa au mama wa kisimani, mmuulize anajua nini kuhusu mtambo ule ambacho hakimo katika daftari, mkaiandike kauli yake kama alivyoisema, na mhakikishe imefika mezani kwa mtu mwenye uwezo wa kuisimamisha kazi.