Simu ya Mweka Hazina ni Sanduku la Chama

(Hotuba ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa viongozi wa vyama vya akina mama na vijana)



Leo nazungumzia programu za simu zinazowekwa kutoka nje ya duka rasmi. Simu nyingi za Android hupata programu kutoka Google Play. Lakini faili ya programu, ile inayoishia na herufi APK, inaweza pia kutumwa kwa WhatsApp au kupakuliwa kutoka tovuti. Si kila programu ya nje ni mbaya. Simu za Huawei, kwa mfano, zina duka lao, AppGallery. Swali ni hili: nani ameikagua?

Ukaguzi wa duka si kamili, lakini ni ungo. Faili iliyotumwa na mtu usiyemjua haikupita dukani. Ndiyo maana simu hukuuliza kwanza kama unakubali. Mtu akikuagiza uzime Play Protect ili programu yake iingie, achana naye.

Angalieni ruhusa pia. Programu ya tochi haina haja ya kusoma jumbe zako. Ikizisoma, itaona hata nambari za uthibitisho kutoka benki. Kuna ruhusa nyingine iliyokusudiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu kutumia simu. Programu ya mwizi ikiipata, inaweza kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako.

Kuhusu mikopo, kanuni za mwaka wa 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na benki hiyo huchapisha orodha yao. Tafuta jina kwenye orodha kabla ya kukopa. Mkopeshaji akitumia majina ya simu yako kuwaaibisha jamaa zako, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Je, ukiwa tayari umeweka programu unayoishuku? Zima data na Wi-Fi mara moja. Kwa kutumia simu nyingine, pigia benki na kampuni yako ya simu. Kisha iondolee programu ruhusa zote na uifute. Ikikataa kufutika, mpelekee fundi unayemwamini airudishe simu katika hali ya kiwandani. Usiweke nambari mpya ya siri kwenye simu hiyo kabla haijasafishwa.

Ndugu zangu, simu ya mweka hazina imebeba jasho la wanachama wote. Naomba kila chama kikubaliane katika mkutano wake ujao: simu inayoshika pesa za chama isiwekwe programu yoyote kutoka nje ya duka, wala isipewe watoto kuchezea.