Umati Uliomkabidhi Mwuaji kwa Sheria

Maneno ya hotuba iliyotolewa Mosocho



Leo napenda kuwaelezeni habari za sinema ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1950, iitwayo The Blue Lamp, maana yake Taa ya Buluu. Taa hiyo ilitundikwa mlangoni pa vituo vya polisi vya Uingereza, ili mwenye shida ajue mahali pa kukimbilia hata usiku.

Mtungaji wake, T. E. B. Clarke, alipata kuwa askari polisi wa akiba wakati wa vita, naye aliijua kazi yenyewe: kuzunguka mitaani kwa miguu, kuonyesha wageni njia, na kutuliza ugomvi. Katika hadithi hiyo, Dixon, askari mtu mzima anayekaribia kustaafu, asiye na bunduki, anakutana na kijana mnyang'anyi penye jumba la sinema. Kijana anampiga risasi, na Dixon anafariki.

Mwuaji anakimbilia White City, uwanja wa mbio za mbwa, akidhani atajificha katika maelfu ya watu. Lakini watu wa kamari, ambao wenyewe si marafiki wa polisi, wanapashana habari kwa ishara za mikono, na umati unamzingira. Je, walimpiga mawe? Walimchoma moto? La. Walimkabidhi kwa polisi, apelekwe mahakamani.

Jambo hili latuhusu sisi. Mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto huku Kisii kwa kushukiwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, kwa majirani zetu wa Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Hakuna aliyewauliza neno mbele ya hakimu. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba mshtakiwa hahesabiwi mkosaji mpaka ithibitishwe.

Najua wako wanaosema, "Polisi wenyewe twawaogopa." Maneno hayo ni mazito, na ni wajibu wa askari kuyafuta kwa matendo yake, kama Dixon alivyofanya kila siku barabarani. Lakini kosa la askari halimpi jirani ruhusa ya kuwasha kiberiti.

Basi, mkisikia usiku mayowe ya kumshutumu bibi kizee, msikimbilie kuni. Simameni mlangoni pake, mtume mtu kwa chifu na polisi. Umati waweza kuua. Umati huo huo waweza kuokoa.