Kipimo cha Tezi ya Shingo Kikirudi "Kawaida" na Mwili Bado Unalalamika

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Garissa



Garissa saa saba mchana, mbuzi wenyewe wakiwa wamekimbilia kivuli, mtu anayejifunika blanketi kwa baridi si wa kuchekwa. Akisema pia kwamba nywele zinakatika, choo ni kigumu, uzito unapanda ingawa hamu ya chakula imepungua, na uchovu hauondoki hata baada ya kulala, mhudumu wa afya atawaza tezi ya shingo. Ni ile tezi yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya koo, ambayo homoni zake huamua mwili uende kwa kasi gani.

Mgonjwa hutumwa maabara. Mara nyingi karatasi hurudi na neno moja: kawaida. Anarudi nyumbani akiambiwa hana kitu, naye anajua kwamba ana kitu. Wako wanaokata tamaa hapo, na wako wanaoingia duka la dawa kununua vidonge vya thairoksini kwa sababu jirani alivitumia vikamfaa.

Karatasi hiyo inasema nini hasa? Kipimo kinachoanza kufanywa huitwa TSH. Homoni hiyo haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni usimamizi. Ikiona tezi ya shingo inazembea, hupaza sauti na TSH hupanda. Ikiona kazi imezidi, hunyamaza na TSH hushuka. Maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. Na haki isemwe: kwa watu wengi kipimo hiki ni cha kuaminika, na TSH ikiwa sawa, utendaji wa tezi kwa kawaida uko sawa.

Lakini ikiwa mgonjwa ni msimamizi mwenyewe?

Swali hili linagusa Kaskazini Mashariki kwa karibu, kwa kuwa akina mama wengi bado hujifungulia nyumbani, mbali na hospitali na mbali na damu ya kuongezwa. Wakati wa ujauzito ile tezi ya chini ya ubongo hukua na kuhitaji damu zaidi. Mama akivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, presha ikaanguka, sehemu ya tezi hiyo inaweza kufa. Daktari Harold Sheehan aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Mama huyo anapona. Familia inamshukuru Mungu, kwa haki kabisa, na hakuna anayeunganisha usiku ule na yanayofuata. Maziwa hayatoki, mtoto ananyweshwa ya mbuzi. Hedhi hairudi. Nywele za kwapani zinapukutika. Kizunguzungu kinampata kila akisimama. Miaka inaweza kupita kabla ugonjwa haujatambuliwa. Akipimwa TSH, inaweza kuonekana kawaida kwa sababu msimamizi hana tena nguvu ya kupaza sauti, ilhali thairoksini yenyewe, ile inayoandikwa T4 kwenye karatasi, iko chini. Mama wa namna hii anahitaji kupimwa vyote viwili, pamoja na kortisoli, homoni inayosaidia mwili kustahimili maradhi na mshtuko.

Hapa ndipo vidonge vya jirani vinapokuwa hatari. Mtu aliyepungukiwa na kortisoli akianza thairoksini kabla ya kurudishiwa kortisoli, anaweza kuzidiwa ghafla hata kupoteza maisha. Mpangilio wa dawa hizo mbili ni kazi ya daktari.

Kwa hiyo lenye uzito chumbani kwa daktari ni historia. "Nilivuja damu nyingi nilipojifungua. Nilizimia. Maziwa hayakutoka." Yasemwe hata kama yalitokea miaka 10 iliyopita. Mama anayeona haya kuzungumzia hedhi mbele ya mwanamume aombe muuguzi mwanamke, na mkwe au dada aliyekuwepo usiku ule afuatane naye, maana mara nyingi ndiye anayekumbuka damu ilikuwa kiasi gani.

Jambo jingine ambalo TSH haioni ni umbo. Kipimo cha damu hupima kazi ya tezi. Mtu anaweza kuwa na uvimbe, hata saratani, na damu ikawa safi. Uvimbe mwingi wa tezi hauna madhara, ila haujulikani kwa kuutazama tu. Hijabu huficha shingo, basi mtu ajitazame nyumbani: asimame mbele ya kioo, ainue kidevu kidogo, anywe maji taratibu. Kitu kinachopanda na kushuka upande mmoja anapomeza kinahitaji ultrasaundi. Sauti ikikwaruza kwa wiki kadhaa, kumeza kukiwa kugumu, au uvimbe ukikua haraka, asingoje.

Wazee wanajua rovu kuwa ni upungufu wa iodini, na ndiyo sababu sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani itiwe iodini. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Somalia, jirani yetu, ulikuta watu wakipata iodini kupita kiasi, na chanzo cha maji ya kunywa kikahusika. Hiyo si hukumu juu ya kisima chochote cha Fafi au Lagdera, kwani maji hutofautiana. Ila iodini ikizidi nayo huivuruga tezi, na matone ya iodini hayafai kunywewa kwa kubahatisha.

Mara nyingi, lakini, tezi haina kosa. Upungufu wa damu huleta uchovu uleule, na chai nzito pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Sukari, ujauzito na sonona nazo zipimwe. Miraa huharakisha moyo, hunyima usingizi na kupunguza uzito, hata mtu akadhaniwa tezi yake imezidisha kazi; daktari aambiwe ukweli. Vidonge vya kukuza nywele vyenye bayotini huweza kupotosha kipimo chenyewe, basi visitajwe baadaye, vitajwe kabla damu haijatolewa.

Utafiti mdogo uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 uliwapa thairoksini watu wenye dalili lakini vipimo sawa. Dawa haikuwashinda vidonge vitupu. Ikizidi, husumbua mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Karatasi za maabara zisitupwe. Nambari zenyewe ndizo zitakazolinganishwa kipimo kikirudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, na ndizo atakazozitafuta daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Garissa mgonjwa akifika na barua ya zahanati kutoka Hulugho au Balambala.