Ngoma za Wazee Jukwaani: Yaliyofanyika Kampala

(Hotuba ya walimu wa shule ya msingi mbele ya mkutano wa Kamati ya Jamii)



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache kuhusu kikundi cha ngoma cha shule, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi. Wako wazee wanaosema watoto wanachanganya ngoma za makabila kama makande chunguni. Wako wazazi waliowakataza binti zao kushika ngoma. Tumeona ni afadhali tueleze wenzetu wa Kampala walivyofanya.

Tuanze na bakisimba, ngoma ya Waganda. Katika jumba la Kabaka wanaume walipiga, wanawake wakacheza. Mwaka 1966 majeshi ya serikali ya Obote yalivamia jumba hilo pale Mengo, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, na mwaka 1967 falme zikafutwa. Wapiga ngoma wa jumbani wakatawanyika. Hebu mfikirieni mpiga ngoma wa mfalme asiye na mfalme! Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, lakini ngoma haikungoja miaka yote hiyo. Iliendelea makanisani na mashuleni, na katika shule za wasichana wasichana wenyewe walipiga. Wazazi waliowakataza binti zao tunawaomba walifikirie hilo.

Sasa makande. Mwaka 1984 Uganda ilikuwa vitani, Luwero inawaka, na mtu aliulizwa kabila lake kabla ya jina. Mwaka huo huo Stephen Rwangyezi alianzisha kikundi cha Ndere mjini Kampala. Jina linatokana na endere, yaani filimbi, chombo kinachopatikana kwa watu wa kila kabila. Wachezaji wake walijifunza ngoma za kwao na za wenzao pia: ekitaguriro ya Wanyankole, mikono imeinuliwa kama pembe za ng'ombe wao, runyege ya Wanyoro na Watoro, njuga zikilia miguuni, bwola ya Waacholi. Baadaye kikundi kilijenga kituo chake huko Ntinda.

Kazi ya mtunzi wa ngoma za jukwaani si nyepesi. Runyege ilikuwa ngoma ya vijana kuchaguana wachumba, nayo haikuwa na haraka. Jukwaani inapewa dakika chache. Kijijini watu huzunguka duara wakitazamana, lakini jukwaani lazima wawageukie watazamaji. Kwa hiyo mtunzi hukata, hupanga upya, huunganisha. Wako wanaosema kwamba hapo ngoma imekuwa chakula cha watalii, na sisi hatuwabishii sana: ngoma ya uchumba ikichezwa mbele ya wageni wanaokula, kuna kitu kimepotea. Lakini Rwangyezi alikuwa na desturi ya kusimama kati ya ngoma na ngoma, akieleza kwa utani mwingi ni ya nani, huchezwa lini na kwa nini. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililomwokoa.

Tena wako watoto waliofanana na wa kwetu zaidi. Mwaka 2005 wanafunzi wa Shule ya Msingi Patongo, waliokuwa wakiishi katika kambi ya waliohamishwa na vita kaskazini mwa Uganda, walisafiri kwa ulinzi wa askari hadi Kampala. Walicheza bwola, ngoma ya heshima ya machifu, katika mashindano ya shule kwenye Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, wakapata zawadi ya ngoma za asili. Filamu juu yao ilitoka mwaka 2007.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Kabla ya kila ngoma, mtoto mmoja atasimama aseme imetoka kwa nani na huchezwa wakati gani. Maneno hayo hatuwezi kuyatunga sisi walimu. Tunawaomba wazee, Wabembe, Wafuliru, Warundi na wengine, mje shuleni Jumamosi saa tisa alasiri. Mtuambie pia ni ngoma zipi za msiba au za jando ambazo hazifai kuguswa na watoto, tuziache.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna ombi moja tu. Ngoma zetu mbili zimepasuka ngozi. Tumezifunika kwa turubai, lakini turubai halilii.