Kabla ya Kununua Pikipiki ya Umeme Iliyotumika
Mazungumzo kwa wahudumu wa bodaboda, Nairobi



Anayenunua pikipiki ya petroli iliyotumika husikiliza injini, hutazama moshi na kuuliza kilomita. Mazoea hayo hayatoshi kwa pikipiki ya umeme. Mota yake ina sehemu chache zinazolika. Kinachochakaa, tena chenye thamani kubwa, ni betri. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji: betri hii ni ya nani?

Jijini Nairobi kuna mipango miwili. Katika mpango wa kwanza, mwenye pikipiki humiliki pia betri na huichaji mwenyewe. Katika mpango wa pili, betri ni mali ya kampuni: huiacha kituoni ikiisha chaji, hupewa iliyojaa, naye hulipia huduma hiyo. Mpango wa pili hukuondolea hasara ya betri kuchakaa, lakini hukufunga kwa kampuni moja, kwani betri za kampuni tofauti kwa kawaida hazibadilishani. Nenda na muuzaji hadi kituoni kabla ya kulipa. Hakikisha kwamba akaunti inaweza kuhamishwa kwa jina lako, na kwamba vituo vipo kwenye njia zako za kila siku.

Ikiwa betri inauzwa pamoja na pikipiki, ipime. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba takriban yuniti 2.9 za umeme ikiwa mpya. Ikibakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake, hubeba yuniti 2 tu. Hata hivyo, skrini itaonyesha asilimia 100, kama mtungi ulioingia tope: hujaa upesi, lakini maji yake ni machache.

Kipimo chake ni rahisi. Chaji ikijaa, iendeshe kwenye njia zako, ukiwa na abiria na ukipanda miinuko. Ikishuka hadi asilimia 50 baada ya kilomita 25, safari yake nzima ni takriban kilomita 50. Weka akiba ya sehemu moja kwa tano, zibaki 40. Linganisha hesabu hiyo na mwendo wako kabla ya kupata nafasi ya kuchaji. Ukipima pikipiki mbili hivi, utajua ipi inafaa kazi yako, hata kama bei zake zinapotosha.

Kagua pia kasha la betri. Likiwa limevimba, limefunguliwa, au nyaya zimeungwa ovyo, usinunue; betri ya namna hiyo yaweza kuwaka moto. Chaja nayo iwe iliyotengenezewa betri hiyo.

Mwisho, chunguza deni. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na baadhi zina kifaa kinachomwezesha mkopeshaji kuzizima akiwa mbali. Mnunuzi asiyejua hubaki na pikipiki isiyowaka, pesa zake zikiwa zimekwenda. Dai barua ya mkopeshaji inayothibitisha kuwa deni limelipwa, na umiliki uhamishwe kupitia mamlaka ya usalama na uchukuzi, NTSA, kabla ya kukamilisha malipo.

Muuzaji mwaminifu hatakunyima nusu siku ya kupima na kuuliza. Akikuharakisha, tafuta mwingine.