Ghuba ya Gazi: Amana Iliyo Mikononi Mwetu



Ndugu yangu msomaji, haya ni mazungumzo ya barazani baada ya tarawehe. Nimeyaandika karibu vile vile yalivyosemwa, kwa hivyo usishangae ukiona naongea nawe kana kwamba umekaa mkekani mbele yangu.

Nianze na swali. Ukipanda matatu Ukunda kwenda Msambweni, ukapita njia panda ya Gazi, unajua umepita wapi? Wengi wetu tutasema, "Si ni kijiji tu cha wavuvi." Haya basi, leo nataka tukishuke kijiji hicho.

Gazi iko kama kilomita 50 kusini ya Mombasa. Mbele yake ipo ghuba iliyokingwa na rasi ya Chale upande wa mashariki na miamba upande wa kusini. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, inamwaga maji yake humo. Maji tamu yakikutana na maji chumvi, mikoko hustawi; na hapo iko zaidi ya hekta 600. Aina zote 9 za miti hiyo zinazoota Kenya utazikuta Gazi: mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi na wenziwe. Samaki wadogo na kamba hukulia kwenye mizizi hiyo kabla hawajatoka nje. Ukikata mkoko, umekata na kitoweo chako.

Sasa, watu wake ni nani? Wadigo ndio wengi, na kaskazini kidogo iko Kinondo, kaya yao kubwa. Wako Waarabu, Waswahili na Wakamba. Wako Wapemba, wanaokuja na kaskazi kuvua, na baadhi yao huoa na wasirudi tena. Hakuna hata mmoja anayeweza kusema, "Ghuba hii ni ya ukoo wangu peke yangu."

Lakini walikuwepo waliosema hivyo. Mwaka 1837 Sayyid Said aliwavunja Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa. Waliosalimika waligawanyika: wengine wakaenda Takaungu, wengine wakaja Gazi. Huyu Mbaruk bin Rashid tunayemsikia, babake ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui Mombasa. Mbaruk alikulia na kidonda hicho. Akawaasi masultani wa Unguja si mara moja wala mbili, na akizidiwa pwani hukimbilia ngome yake ya Mwele, huko bara milimani.

Mwaka 1895 ukazuka ugomvi wa kurithi utawala wa Takaungu. Waingereza wakamtaka mtu wao, Mazrui wengine wakakataa, na Mbaruk akaingia vitani. Mwezi Agosti mwaka huo Admirali Rawson akaiteka Mwele. Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910.

Hapa ndipo vijana wetu husisimka. Shujaa! Alipigana na Mwingereza! Naam, alipigana. Lakini ndugu yangu, tuwe wakweli. Mashamba ya minazi ya mabwana wa Gazi yalilimwa na nani? Yalilimwa na watumwa. Sheria ya kuukomesha utumwa katika pwani yetu ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Ukisimulia habari ya bwana ukaacha ya mwenye jembe, umesimulia nusu, na nusu ya ukweli ni jambo la hatari. Leo mjukuu wa huyu na mjukuu wa yule wanasimama safu moja, bega kwa bega. Hilo ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu, wala si sababu ya kuzima kumbukumbu.

Tuendelee. Mabwana wa Gazi walipoanguka, ghuba iliangukia kwa nani? Haikurudi kwa wanakijiji. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wa serikali. Mdigo aliyekata boriti ya nyumba yake tangu enzi za mababu sasa akahitaji kibali. Na mwenye kibali kikubwa na pesa akakata anavyotaka. Boriti za pwani yetu, hasa za Lamu, zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, zikihesabiwa kwa korija, miti ishirini ishirini, mpaka serikali ikapiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Pale Gazi, miaka ya 1970, sehemu nzima nzima zilifyekwa kupata kuni za viwandani. Ufuo ukabaki uchi, mawimbi yakala mchanga, samaki wakapungua.

Waona mtindo unavyojirudia? Kwanza bwana mwenye bunduki, kisha afisa mwenye muhuri, kisha tajiri mwenye shoka. Kila mmoja aliamua kwa niaba ya ghuba, na aliyelipa ni mvuvi na mkewe.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1991, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walipoanza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi ya tope, wakati wa maji kupwa, mche mmoja mmoja. Akina mama wa Gazi wakajenga ujia wa mbao katikati ya mikoko, wageni wapite na walipe. Sheria ya misitu ya 2005 ikaruhusu vyama vya wananchi kusimamia misitu pamoja na serikali. Na mwaka 2013 Gazi na jirani zao wa Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja.

Hebu nieleze kwa lugha nyepesi. Mikoko hunyonya hewa chafu inayolitia dunia joto, na kuificha ardhini mwa tope. Wako watu ng'ambo wanaolipa ili hewa hiyo ibaki humo. Wanakijiji wakatenga hekta 117, wakaahidi kuzilinda miaka 20, na kila mwaka wanalipwa kwa kadiri ya tani 3,000. Pesa zinazokuja hazimtajirishi mtu. Wakazi hukutana wakaamua zifanye nini: maji ya bomba, vitabu, madarasa ya skuli. Wakapanda na mivinje, watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kuugusa mkoko. Mwaka 2017 mradi huu ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sisemi kwamba mambo yote yamekwisha. Shoka la usiku bado lipo, na juya la kukokota, lililopigwa marufuku mwaka 2001, bado linavutwa hapa na pale. Mlinzi wa kweli wa mkoko ni jirani atakayesema, "Hapana."

Na hapa ndipo ninapokutaka wewe, kijana. Hesabu mwenyewe: ahadi ya miaka 20 iliyotolewa 2013 itafika mwisho 2033. Wengi wa wazee walioiweka hawatakuwa na nguvu za kukaa mkutanoni tena. Ni wewe utakayeulizwa: tuendelee au tuuze? Mtu asiyejua ghuba ilipotea vipi mara ya kwanza, atazuia vipi isipotee mara ya pili? Atakuja mtu na karatasi na kalamu, utatia sahihi kabla ya chai kupoa.

Basi Ramadhan hii fanya mambo mawili. La kwanza, baada ya futari kaa na mzee wako, wa kiume au wa kike. Muulize nani alikata, nani alipanda, nani alilima shamba la nani. Andika, hata kwenye daftari la skuli. La pili, ukiitwa baraza la kijiji, nenda. Usiseme ni mambo ya wazee.

Mti uliopandwa kwenye tope na mama asiyejulikana jina leo unamlisha mtoto wa jirani yake. Kama hiyo si sadaka yenye kuendelea, basi sijui ni nini.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.